Birika Moja na Kishikwambi

Birika ninalolizungumzia hapa ni la chuma kisichoshika kutu, limebonyea ubavuni, na mfuniko wake hauketi sawasawa. Katika muda wa miezi minane nimelichora mara ishirini na tatu kwenye kishikwambi. Picha ya kwanza ilinichukua wiki tatu na ikatoka mbaya. Ya mwisho ilinichukua chini ya saa moja, nayo ndiyo pekee ninayoweza kumwonyesha mtu bila kuanza kujitetea. Yaliyotokea kati ya picha hizo mbili ndiyo ninayoyasimulia, kwa kuwa karibu kila nilichokitarajia kabla ya kuanza kiligeuka.

Nilikuja kwenye kishikwambi nikitokea kwenye rangi za maji, ambazo nilikuwa nimezitumia kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyewahi kuzitumia anaujua ukali wake: weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe, na ukishaupaka rangi nzito umeupoteza, hata ukisugua kwa sifongo mpaka karatasi itoe nywele. Mchoraji wa rangi za maji hujifunza kupanga mapema, kuzuia pumzi, kisha kupaka mara moja. Nilikuwa nimechoka kuzuia pumzi. Nilipoona watu wakipaka rangi kwenye kioo na kufuta walipokosea kwa mguso mmoja tu, nilijiona kama mfungwa aliyeonyeshwa mlango ulio wazi. Nilikiweka kifaa mezani nikiamini kwamba nimepata karatasi isiyokwisha, rangi isiyokauka na kifutio kisichoacha alama, na kwamba sasa nitajifunza haraka kwa sababu sitaogopa tena.

Siku za mwanzo zilikuwa za mkono, jicho halikupata kazi. Kioo hakina meno. Karatasi huishika ncha ya penseli na kuizuia kidogo, na mkono wa mchoraji huegemea kizuizi hicho bila mwenyewe kujua. Kwenye kioo kizuizi hakipo, na mistari yangu iliteleza kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta. Nilibandika utando wa plastiki wenye mkwaruzo, nao ulisaidia, ingawa una hasara zake: huifanya picha ionekane kana kwamba imepitiwa na vumbi jembamba, na huila ncha ya kalamu kama msasa. Baada ya miezi mitatu hivi ncha yangu ilikuwa imelika upande mmoja ikawa kama patasi.

Watengenezaji wa vifaa hivi hupenda kutaja idadi ya viwango vya mkandamizo ambavyo kalamu inaweza kuvitambua, 4,096 au 8,192, nami nilizitilia maanani sana namba hizo nilipokuwa nikichagua. Ukweli ni kwamba mkono wangu hauna viwango elfu nane. Una vinne: kupapasa, kugusa, kubonyeza, na kukasirika. Kilichobadilisha uchoraji wangu kilikuwa mpangilio mmoja mdogo uliojificha ndani ya programu, nao ni grafu inayoamua nguvu kiasi gani ya mkono izae rangi nzito kiasi gani. Kwa kawaida grafu hiyo huanza ikiwa mstari ulionyooka. Mimi nina mkono mzito, kwa hiyo kila nilichopaka kilifikia uzito wa juu kabisa kabla sijautaka. Niliupinda mstari ule kidogo kuelekea chini, ili nusu ya nguvu yangu izae rangi pungufu ya nusu, na siku hiyohiyo brashi iliyonisumbua kwa wiki mbili ikanitii. Mtu anayeanza atafaidika zaidi na saa moja kwenye grafu hiyo kuliko na brashi mia mpya, na nasema hivi nikiwa mtu aliyekwisha kukusanya brashi hizo mia. Kitu kingine nilichokipunguza mpaka karibu na sifuri ni kipimo cha kutuliza mtetemo wa mkono. Nilipokiweka juu, mstari uliifuata kalamu kwa kuchelewa, kama mbwa mzee anayevutwa kwa kamba, ukatoka laini kabisa na usio na uhai wowote.

Ndipo nikalianza birika, kwa furaha kubwa. Nilichora umbo, nikalitendua, yaani nikairudisha nyuma hatua ya mwisho kana kwamba sikuifanya, nikalichora tena. Mpini ulikuwa umepinda kupita kiasi, nikautendua. Nikaikuza picha mpaka mdomo wa birika ukajaza kioo chote, nikapaka mng’ao wa mwanga kwenye ukingo wake, nikautendua, nikaupaka tena mara nane hadi ukanipendeza. Kila jioni nilikaa saa mbili. Mwishoni mwa wiki ya tatu nilikuwa na matabaka thelathini na moja, yaani kurasa za ndani ya programu zinazopangwa moja juu ya nyingine kama plastiki zinazopitisha mwanga, na birika lisilo na doa, nikamwita mdogo wangu aje aone. Alikitazama kioo, akalitazama birika lenyewe lililokuwa dirishani, kisha akarudi kwenye kioo.

“Dada,” akasema, “hili umelisugua mno.”

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kila sehemu ya picha ilikuwa imekamilika kivyake, na hakuna sehemu iliyoijua nyingine. Mng’ao wa kwenye mdomo ulikuwa mkali sawa na wa kwenye mpini, na wa kwenye mpini ulikuwa mkali sawa na wa kwenye mfuniko. Ukingo wa kivuli mezani ulikuwa umekatwa kwa usahihi uleule wa ukingo wa chuma. Hata kile kibonyeo, ambacho ndicho kilichonifanya nilichague birika hilo badala ya kitu kingine chochote, nilikuwa nimekirekebisha na kukirekebisha mpaka kikawa kivuli kipole kisicho na habari. Picha zangu za rangi za maji zilikuwa na makosa mengi kuliko hii, lakini ukizitazama uliona kwamba aliyezichora alikuwa amekaa mbele ya kitu.

Sikuelewa nilipokosea hadi nilipojirekodi. Programu nyingi za uchoraji huweza kuionyesha upya picha ikijengwa hatua kwa hatua, na uwezo huo si wa jana: programu ya Brushes, ambayo mchoraji Jorge Colombo aliitumia kuchora kwa kidole, kwenye iPhone, jalada la The New Yorker la tarehe 1 Juni 2009, ilikuwa nao, na jarida lilitoa video ya jalada hilo likijijenga. Mimi sikutaka video ya picha. Nilitaka kuuona mkono, kwa hiyo niliiweka simu juu ya rafu ikitazama mezani, nikachora birika la pili kwa saa nzima. Kisha nikaitazama video nikiwa na karatasi na penseli, nikiweka alama kila nilipogonga kioo kwa vidole viwili, ishara ambayo kwenye programu yangu ina maana ya kutendua. Niliacha kuhesabu nilipofika mia mbili, na video ilikuwa bado na robo saa. Karibu kila mpako ulikuwa umefutwa na kurudiwa, mara nyingi ukiwa vilevile. Palikuwa na ukingo mmoja nilioupaka mara kumi na nne, na nilipoisimamisha video ili nilinganishe wa kwanza na wa kumi na nne, sikuweza kuwatofautisha mapacha hao.

Hesabu niliyokuja nayo ilikuwa na kosa. Nilidhani kwamba kosa lisilo na gharama litanifundisha zaidi, kwa kuwa ningekosea mara nyingi zaidi. Nilisahau kwamba gharama ndiyo iliyokuwa ikinilazimisha kulitazama kosa. Kwenye karatasi, nikipaka kivuli kizito mno, siwezi kukiondoa. Inanibidi niiulize picha sasa inataka nini. Labda ukuta wa nyuma nao uwe mzito, au labda kivuli hicho kiwe ndicho kizito kuliko vyote, na vingine vyote vishushe sauti kwa ajili yake. Mpako mbaya unakuwa habari. Kwenye kioo niliufuta kabla jicho halijausoma, nikarudi nilipokuwa sekunde mbili zilizopita nikiwa sijaongeza ujuzi wowote, nikapaka tena kwa kubahatisha. Kutendua kulinirudishia turubai la awali pamoja na ujinga wa awali.

Kwamba tabia hiyo ilikuwa imeshaingia mwilini, nilithibitisha jioni moja niliporudi kwenye rangi za maji. Tone lilidondoka mahali pasipostahili, na kabla sijafikiri nilikuwa nimegonga karatasi kwa vidole viwili. Nilicheka peke yangu, lakini si kwa muda mrefu.

Kukuza picha ni ndugu wa kutendua, na ni mjanja zaidi, kwa kuwa huvaa sura ya bidii. Kwa kutanua vidole naweza kuingia ndani ya mng’ao wa birika mpaka nione pikseli moja moja kama vigae vya sakafu. Huko ndani hakuna birika. Kuna mraba wa kijivu uliopakana na mraba wa kijivu mwingine, na mtu anaweza kuupamba mpaka huo kwa nusu saa bila kufanya uamuzi hata mmoja unaoihusu picha. Nilipotoka na kuirudisha picha kwenye ukubwa wake, kazi ya nusu saa ilikuwa nukta. Wakati huohuo ukuta wa nyuma, ambao ni theluthi mbili ya picha nzima, nilikuwa nimeumaliza kwa dakika tatu kwa sababu haukuwa na kitu cha kukuzia.

Kuanzia picha ya sita nilijiwekea masharti, nikayaandika kwenye kipande cha karatasi nilichokibandika ukingoni mwa kishikwambi: brashi moja, tabaka moja, picha ionekane yote muda wote, na hakuna kutendua. Kosa liliruhusiwa kurekebishwa kwa njia moja tu, yaani kupakwa rangi juu yake. Kwa kuwa vidole vyangu havikuaminika, niliingia kwenye mipangilio ya programu nikaizima kabisa ishara ile ya vidole viwili. Nilijihisi mjinga, nimenunua kifaa chenye uwezo mwingi ili nikae nikiuzima mmoja baada ya mwingine. Nilijifariji kwa Colombo: kioo cha iPhone cha wakati ule kilikuwa na pikseli 320 kwa 480, hakikutambua mkandamizo wa mkono, na yeye alikuwa amesimama mtaani New York usiku kwa takriban saa moja, akipaka kwa kidole.

Picha ya sita, ya saba na ya nane zilikuwa aibu. Zilifanana na kazi ya mtu anayechora akiwa amefungwa mkono mmoja, na nusura niache. Katika ya tisa kulitokea jambo ambalo sikuligundua mpaka nilipoitazama video: kalamu ilikuwa ikikaa hewani. Mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya kioo kwa sekunde tano, kumi, wakati mwingine ishirini, na kichwa kilikuwa kimegeukia dirishani. Kwenye video ya zamani kichwa hakikugeuka karibu kabisa. Nilikuwa nikilichora birika kutoka kwenye picha yangu mwenyewe ya birika. Sasa, kwa kuwa mpako haungefutika, nilikuwa nimeanza tena kutazama kabla ya kupaka, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye karatasi, na pumzi nilikuwa nikiizuia vilevile. Nilikuwa nimezunguka njia ndefu ili nirudi kwenye kile nilichokikimbia.

Sitaki nieleweke kwamba ninaihukumu ishara ya vidole viwili. Nikimchorea mtu ambaye kesho atataka birika lihamishwe kulia na ukuta ubadilishwe rangi, nahitaji kutendua na nahitaji matabaka, na ninawahurumia waliofanya kazi hiyo kwenye programu ya Photoshop kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 1994, ambalo ndilo lililoleta matabaka humo. Lakini matabaka thelathini na moja ya picha yangu ya kwanza hayakuwa ya kuhifadhi uhuru wowote. Kila moja lilikuwa uamuzi nilioogopa kuufanya, nikauweka kando. Isitoshe, nilipotea ndani yake: kwa siku mbili nilipaka kivuli cha mezani kwenye tabaka lililokuwa juu ya mdomo wa birika, nikishangaa kwa nini mdomo unazidi kuwa mchafu. Siku hizi huanza na mawili, moja la mchoro wa awali na moja la rangi, na lile la mchoro hulifuta mapema.

Rangi ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote, na hapa nitakaa kidogo. Birika lilikuwa limewekwa juu ya kitambaa cha njano, na mwanga wa asubuhi uliokuwa ukiingia dirishani ulikuwa wa kibuluu, kwa hiyo chuma chake kilibeba vyote viwili: njano tumboni, buluu mabegani, na katikati ukanda wa kijani hafifu kama jani kavu. Kwa rangi za maji ningeziacha buluu na njano zikutane zikiwa bichi, na kijani kingejitokeza chenyewe. Kwenye kioo nilipaka buluu, nikapaka njano, nikazivuta pamoja kwa kifaa cha kukoroga rangi, na katikati pakatokea majivu. Nilidhani kosa ni la brashi, nikabadilisha brashi tatu. Nikadhani kosa ni la macho yangu. Mwishowe nilifungua turubai jipya, nikaweka mraba wa buluu safi kando ya mraba wa njano safi, nikavuta mmoja kuelekea mwingine. Majivu tena.

Sababu yake ni ya hesabu. Kioo huunda kila rangi kwa mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, na katika mfumo ulio wa kawaida zaidi kila mmoja hupewa namba kutoka 0 hadi 255. Buluu safi ni 0, 0, 255. Njano safi ni 255, 255, 0. Programu ya kawaida ikiambiwa ichanganye nusu kwa nusu huchukua wastani, na wastani wa namba hizo ni takriban 128, 128, 128, ambayo ni kijivu kamili. Rangi ya kwenye kopo haichukui wastani. Chembe zake hunyonya sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki, na kijani tunachokiona buluu na njano zinapokutana ni ule mwanga ulionusurika kwa zote mbili. Namna ya kukokotoa jambo hilo ilikuwa inajulikana tangu mwaka 1931, katika nadharia ya Paul Kubelka na Franz Munk, lakini kuiingiza katika programu za uchoraji kulikuwa kugumu. Ni mwaka 2021 ambapo Šárka Sochorová na Ondřej Jamriška walitoa njia ya kufanya hivyo kwa urahisi, na zipo programu ambazo sasa rangi zake hukutana kama rangi za kweli. Yangu si mojawapo.

Nilipoelewa hivyo niliacha kukoroga. Rangi ya katikati nikawa naichagua mwenyewe na kuipaka kati ya zile mbili kama mpako wa tatu unaojitegemea, na iwapo mpito bado ulikuwa mkali mno, nikachagua ya nne. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini ilinifundisha kwamba kwa miaka kumi nilikuwa sijawahi kuamua ukanda ule wa kijani uwe wa kijani gani. Maji yalikuwa yakiniamulia, na sifa nilikuwa nikizichukua mimi.

Funzo jingine la rangi lilinijia kwa njia ya udanganyifu mdogo. Nilipiga picha ya birika kwa simu, nikaiweka kando ya turubai, nikaanza kuichukulia rangi kwa kile kifaa kinachonakili rangi ya mahali popote unapopagusa. Mara ya kwanza kukitumia nilidhani kimeharibika. Sehemu ya chuma niliyoiona nyeupe, ambayo ningeapa ni nyeupe, kilinipa kijivu cha kati kilichozidiwa weupe na kitambaa cha njano kilicho chini yake. Jicho lilikuwa limeambiwa na akili kwamba chuma kinachong’aa ni cheupe, likakubali. Weupe wa kweli ulikuwa katika sehemu moja tu, mstari mwembamba kama uzi kwenye ukingo wa mfuniko, ilhali katika picha ya kwanza nilikuwa nimeutawanya kila mahali, na ndiyo maana hakuna kilichong’aa.

Kwa wiki moja nilichora kwa kunakili rangi kutoka kwenye picha ya simu, na picha zikatoka sahihi na zimekufa. Sehemu ya lawama ni ya kamera, ambayo hujiamulia yenyewe mwanga uwe kiasi gani na hugeuza vivuli vizito kuwa weusi usio na kitu ndani. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeacha tena kuamua. Nikaugeuza mpangilio: kwanza nakisia rangi kwa jicho na kuipaka kama doa pembeni, ndipo nagusa picha ya simu nione nimekosea kwa kiasi gani na kuelekea upande gani. Makosa yangu yalikuwa na mwelekeo mmoja karibu kila mara. Niliziona rangi zikiwa kolevu zaidi na nyeupe zaidi ya zilivyokuwa. Baada ya picha nne au tano za namna hiyo niliweza kujisahihisha kabla ya kukisia, na picha ya simu nikaifunga. Kitu kimoja cha msaada nimekibakiza: tabaka lililojazwa kijivu kitupu, likiwekwa juu ya picha kwa ile namna ya kuchanganya inayobadilisha rangi bila kugusa mwanga, huionyesha picha yote bila rangi. Nikiliwasha kwa sekunde mbili na birika likipotea ukutani, najua kwamba njano yangu yote ilikuwa mapambo.

Hayo yote huonekana kwenye kioo ambacho chenyewe ni taa, na jambo hilo lina utamu na uchungu wake. Mchoraji Mwingereza David Hockney alikuwa akichora mapambazuko kwenye iPhone akiwa kitandani, bila kuwasha taa ya chumba, kitu ambacho hakiwezekani kwa karatasi na penseli. Alipohamia iPad mwaka 2010 aliendelea, na mwaka 2012 picha zake za iPad za majira ya kuchipua huko Woldgate, Yorkshire, zilionyeshwa Royal Academy, London, zikiwa zimechapwa kwa ukubwa wa ukutani. Mimi nilichora birika la kumi na tano usiku, gizani, nikafurahia namna lilivyowaka, na asubuhi nikaliona limejaa tope, kwa kuwa kioo kinachowaka gizani kilikuwa kimenifanya nishushe kila rangi. Nilipolipeleka kuchapwa, karatasi, ambayo haina taa ndani yake, ilililaza zaidi. Tangu hapo nachora mchana na nimeweka mwanga wa kioo mahali pamoja pasipojibadilisha.

Picha ya kwanza, ile iliyosuguliwa, hata kuchapwa haikuwezekana. Nilikuwa nimeanza na turubai la upana wa pikseli 1,000 kwa sababu lilionekana kubwa kwenye kioo. Kwa uchapaji wa kawaida wa pikseli 300 kwa inchi, hizo ni sentimita nane na nusu, yaani upana wa kiganja. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hichohicho unataka pikseli 2,480 kwa 3,508, na hilo huamuliwa kabla ya mpako wa kwanza, kwa sababu kuitanua picha baadaye ni kutanua ukungu. Na ya kumi na saba sinayo kabisa, kwani nilijaribu kitu juu yake, nikakihifadhi kwa jina lilelile, nikaifunga programu. Nakala ya akiba sikuwa nimeweka.

Ya ishirini na tatu niliianza Jumamosi asubuhi, mwanga ukiwa wa kibuluu kama ninavyoupenda. Masharti nilikuwa nimeyalegeza kidogo, brashi mbili badala ya moja, lakini ishara ya vidole viwili ilikuwa bado imezimwa. Nilianza na kibonyeo. Katika picha zote zilizotangulia nilikuwa nimekiacha mwishoni, kama kitu cha kuongezwa birika likishakamilika. Safari hii nilikipaka kwanza, mpako mmoja wa kijivu kizito unaoelekea karibu kwenye weusi, na pembeni yake mmoja wa njano iliyotoka kwenye kitambaa. Mpako wa kwanza ulipinda zaidi ya kibonyeo chenyewe kilivyopinda. Nilikaa nikiutazama, kalamu ikiwa hewani, nikaona kwamba ubavu wote wa birika utapaswa kuufuata, nikaupaka ubavu hivyo.

Nilikuwa nimefika kwenye mfuniko mdogo wangu alipoingia, akasema anataka kuchemsha maji, akalichukua birika. Sikumzuia. Ukuta na kitambaa vilikuwa bado mbele yangu, na mfuniko nilikuwa nimeutazama kwa muda wa kutosha. Maji yalipoanza kutoa sauti jikoni nilikuwa nimebakiza mpini, nao niliupaka kwa mipako miwili, wa pili ukatoka nje ya umbo kidogo kuelekea dirishani. Nikauacha.

Alirudi, akasimama nyuma yangu, akanyamaza. Kisha akainama, akanyoosha kidole, akagusa kioo penye kibonyeo.

“Hapa,” akasema, “ndipo nilipoliangusha, dada.”

Nilikuwa nimesahau kuzima uchoraji wa kidole. Aliacha doa dogo la kijivu, mviringo, chini kidogo ya kibonyeo, nalo bado lipo.